Nembo kwanza au boksi kwanza? Jibu kwa mtengeneza sabuni

Swali la msomaji: "Mtaalamu, habari za kazi. Natengeneza sabuni za vipande kwa mkono, kwa njia ya baridi (bila kuzipika), harufu nne. Hadi sasa nawauzia watu wanaonijua na kwenye maonyesho. Duka moja lenye matawi limekubali kuziweka kwenye rafu zake, mradi nije na vifungashio vinavyoeleweka. Nimepata studio ndogo ya usanifu, watu watatu tu. Wamechukua vipande vyangu, wameniuliza maswali mengi, na mpaka leo sijaonyeshwa nembo hata moja. Kuna kijana mwingine anasema atanipa nembo ndani ya siku 3 kwa sehemu ndogo ya gharama yao, boksi nitafute baadaye. Je, hawa wa studio wananichelewesha? Na mimi nisiyejua usanifu nitajuaje kama kazi yao ni nzuri?"

Jibu

Ndugu yangu, baki na watu waliochukua sabuni zako. Mbunifu anayeomba bidhaa yenyewe kabla ya kuchora chochote ameshakuonyesha namna anavyofanya kazi, na kwa biashara ya ukubwa wako ndiyo namna ninayoiamini: kuanza na kifungashio, nembo ipatikane humo humo.

Kampuni kubwa ina majengo, magari, sare za wafanyakazi na matangazo ya televisheni, na nembo yake hukutana na watu kote huko. Sabuni yako haina hata kimoja kati ya hivyo. Mtu atakutana na chapa yako kwenye rafu, ikiwa na upana wa kiganja, imebanwa kushoto na kulia na sabuni za wengine. Akiwa bado anatembea ataona rangi na umbo. Akisogea atasoma jina. Akiishika ndipo atakapotafuta ni harufu gani, uzito gani, imetengenezwa kwa nini. Nembo iliyochorwa peke yake katikati ya kioo cheupe cha kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Haijui kwamba itachapwa ikiwa na upana wa sentimita 3, kwenye karatasi isiyo laini, labda kwa wino mmoja, na kwamba chini yake lazima pabaki nafasi ya kuandika harufu. Nimepokea nembo nyingi za namna hiyo kutoka kwa wateja waliozinunua mapema. Zina mistari myembamba inayopotea zikipunguzwa, au rangi inayofifia taratibu kutoka juu hadi chini, ambayo huwezi kuigonga kwa muhuri wala kuichapa kwa wino mmoja. Mteja huishia kulipa mara ya pili ili zichorwe upya.

Sasa tuje kwenye vile vipande walivyochukua, maana hapo ndipo pana kazi usiyoiona.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba sabuni ya njia ya baridi hukaa wiki 4 hadi 6 ikikomaa. Katika muda huo maji yanatoka, kipande kinapungua uzito na kusinyaa. Boksi likipimwa kwa kipande kilichokatwa jana, baada ya mwezi sabuni itacheza ndani yake, pembe zitagongeka, na mnunuzi akiinua boksi atasikia kitu kinagonga. Uzito utakaoandikwa nje nao ni lazima uwe wa kweli siku mnunuzi anapoichukua sabuni, wala haitoshi kwamba ulikuwa wa kweli siku ilipotoka kwenye kalibu. Kwa hiyo studio makini hutaka vipande vya umri tofauti. Huvipima urefu, upana, kimo na uzito, huandika namba, kisha huvipima tena baada ya wiki kadhaa. Na kwa kuwa unakata kwa mkono, vipande havilingani. Boksi hupimwa kwa kile kikubwa kuliko vyote kikishakomaa, na kuongezewa nafasi kidogo, kama milimita moja kila upande, ili mtu anayefungasha asikisukume kwa nguvu.

Halafu kuna kemia. Sabuni ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na wino mwingi hufifia au kubadilika rangi unapokaa muda mrefu karibu na alkali. Ndiyo sababu viwanda vya wino hutengeneza wino maalumu unaostahimili alkali kwa ajili ya karatasi za sabuni. Zambarau na baadhi ya buluu ni dhaifu zaidi katika hili, na kama mojawapo ya harufu zako ni lavenda, karibu kila mbunifu atakimbilia zambarau. Mafuta ya manukato nayo hupenya karatasi isiyo na kinga na kuacha madoa. Jaribio lake halihitaji maabara. Wachape rangi walizozichagua kwenye karatasi ile ile wanayoikusudia, wafunge vipande kadhaa, vingine viwekwe mahali pa joto na unyevu, vingine pakavu, kimoja kiwekwe dirishani juani. Wavifungue kila baada ya siku chache na kulinganisha na karatasi ambayo haikugusa sabuni. Jaribio hilo linachukua wiki, na huwezi kuliharakisha. Studio ikikuambia inasubiri matokeo yake, isikilize. Boksi 2,000 zilizobadilika rangi zikiwa ghalani ni hasara kubwa kuliko kuchelewa mwezi mmoja.

Kabla hata ya hilo, waulize kama unahitaji boksi. Mnunuzi wa sabuni hunusa kabla ya kulipa, na boksi lililofungwa pande zote humnyima nafasi hiyo. Mkanda wa karatasi unaozunguka kipande katikati na kuacha ncha mbili wazi hutumia karatasi kidogo, huacha sabuni ipumue, na huonyesha rangi na mkato wake. Ubaya wake ni kwamba ncha zilizo wazi hushika vumbi na alama za vidole, na sabuni ikiendelea kusinyaa mkanda hulegea na kuteleza. Boksi lenye tundu liko katikati ya hayo mawili. Kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa mkono mimi huelemea kwenye mkanda, lakini duka lenye rafu zenye msukosuko linaweza kukulazimisha boksi, kwa hiyo uliza dukani kwanza. Uamuzi huu hutangulia nembo kwa sababu ndio unaoamua nembo itakaa wapi: mkanda wa sentimita 5 hutaka jina fupi lililosimama vizuri ndani ya nafasi nyembamba, boksi huruhusu jina la mlalo kutoka ukingo hadi ukingo. Na kama studio imekushauri mkanda ilhali boksi lingewaletea malipo makubwa zaidi, hiyo ni dalili nzuri sana kuwahusu.

Maswali yao yasikuchoshe. Mwaka 1915 Coca-Cola na watengeneza chupa zake nchini Marekani walitaka chupa mpya, wakaeleza haja yao hivi: mtu aitambue akiishika gizani, na hata akiikuta chini imevunjika ajue ilikuwa chupa gani. Kampuni ya vioo ya Root, ya Terre Haute huko Indiana, ndiyo iliyoibuka na umbo lile la kiuno ambalo bado tunalijua. Tazama maelekezo yenyewe. Hayasemi iwe ya kisasa, hayasemi iwe na hadhi, hayataji hata rangi. Yanataja kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukijaribu akasema kimefaulu au kimeshindikana.

Studio inatafuta sentensi kama hiyo kutoka kwako, na wewe ndiwe mwenye malighafi yake. Ukiwaambia unataka kitu kizuri na cha kuvutia, umewapa maneno ambayo kila mteja huwapa. Ukiwaambia kwamba wanaorudi kununua ni watu wenye ngozi kavu, kwamba wengi huchukua vipande vitatu kwa mpigo, kwamba mara kwa mara wanakuuliza ipi ni ipi kati ya harufu mbili zenye rangi zinazokaribiana, sasa umewapa kazi ya kufanya. Waambie pia usichotaka kukidai. Katika nchi nyingi, ukiandika kwamba sabuni inatibu ugonjwa wa ngozi, sheria huacha kuitazama kama kipodozi na kuanza kuitazama kama dawa, yenye masharti mengine kabisa. Sentensi moja ya kujisifu mgongoni mwa boksi inaweza kukuzuilia mzigo mzima.

Kuna swali moja ambalo wengi huliona la kipuuzi: mipango yako ya mwaka kesho na kesho kutwa. Utaongeza harufu ya tano? Utaleta shampuu ya kipande, mafuta ya mwili ya chupa? Jibu kwa ukweli, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua kipi kwenye kifungashio kitabaki kilivyo na kipi kitakuwa kinabadilika.

Hapa ndipo usanifu wenyewe unapoanza, na hapa ndipo utakapoweza kuipima studio hata kama hujui kuchora. Harufu nne lazima zionekane ndugu wa tumbo moja, na wakati huo huo mtu asichukue hii akidhani ni ile. Mbunifu mzuri huamua mapema: jina linakaa pale pale siku zote, kwa ukubwa ule ule, neno la harufu lina mahali pake, kuna eneo moja, labda mchoro au ukanda wa rangi, linalobadilika kutoka harufu hadi harufu. Akikuonyesha harufu nne, mwombe akuonyeshe na ya tano ambayo hujaitengeneza bado. Akiipata bila kuhangaika, mfumo wake unashika. Akianza kusogeza jina na kupunguza herufi ili rangi ya tano ipate pa kukaa, bado hajamaliza.

Rangi isibebe kazi ya kutofautisha peke yake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na sehemu nyingine za dunia wapo pia, ingawa kwa viwango vingine. Ongeza mwanga hafifu wa rafu ya chini na hata mwenye macho mazima anakosea. Neno la harufu liwe kubwa, lisomeke kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na mchoro ubadilike umbo pamoja na rangi.

Kile kisichobadilika ndicho wateja wako watakachokikumbuka, na wakishakizoea kukigusa ni hatari. Mapema mwaka 2009 Tropicana, juisi ya machungwa iliyokuwa wakati huo ya kampuni ya PepsiCo, ilibadilisha pakiti zake Marekani. Chungwa lililochomwa mrija likaondolewa, ikawekwa glasi ya juisi, na jina likageuzwa na kusimama wima. Mauzo yakashuka kwa takriban asilimia 20 kabla miezi miwili haijaisha, na kampuni ikatangaza kwamba inairudisha pakiti ya zamani. Juisi ilikuwa ile ile. Watu walikuwa wakilitafuta lile chungwa, na lilipokosekana macho yao yaliipita pakiti. Wewe una bahati kwamba bado huna cha kupoteza, kwa hiyo chagueni sasa, kwa uangalifu, kitu kimoja mtakachokilinda kwa miaka: umbo, mchoro, au namna jina linavyokaa. Mara nyingi kwa biashara changa jina lililoandikwa kwa fonti nzuri, likiwa limepangwa vizuri kifundi, linatosha kuwa nembo. Usiogope studio ikikuletea jambo rahisi kiasi hicho.

Jina lenyewe lakini lichunguzwe kabla halijachorwa. Katika mfumo wa kimataifa wa Nice unaogawa bidhaa kwa ajili ya alama za biashara, sabuni isiyo dawa iko daraja la 3. Tafuta katika rejesta ya alama za biashara ya nchi unayouza, ndani ya daraja hilo, kama kuna jina linalofanana au linalotamkika karibu sawa. Hapa ndipo nembo ya siku 3 hunitia wasiwasi zaidi. Nyingi huunganishwa kutokana na michoro iliyo tayari, inayouzwa kwa yeyote, na mchoro ambao wengine mia wanaweza kuutumia kihalali ni mgumu kuulinda kama alama yako.

Sasa uchapaji. Hapa studio ndogo yenye uzoefu itakuokolea pesa nyingi kuliko ada yake. Mashine ya ofseti hutaka pleti, yaani bamba lenye picha ya kuchapwa, kwa kila rangi na kwa kila muundo, kisha karatasi za kurekebishia kabla nakala nzuri haijatoka. Gharama hiyo ni ile ile uchape 500 au 10,000. Harufu nne, rangi nne kila moja, ni pleti 16. Mashine ya dijitali haina pleti, ila bei ya kila nakala haishuki sana hata ukiongeza idadi. Kwa anayeanza kuna njia ya tatu ninayoipenda: boksi au mkanda mmoja wa msingi kwa harufu zote, unaochapwa kwa wingi kwa wino mmoja au miwili, na lebo ndogo ya harufu inayochapwa kidijitali kadiri unavyohitaji. Harufu moja ikikataa sokoni unatupa lebo, boksi zinabaki.

Njia hiyo ina mtego, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu unaonyesha vizuri tofauti kati ya mchora nembo na msanifu wa vifungashio. Duka lenye matawi litataka msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya malipo. Kila harufu ni bidhaa tofauti kwenye kompyuta ya duka, kwa hiyo kila moja huhitaji namba yake, na namba hizo hutolewa na GS1, shirika lenye ofisi katika nchi nyingi. Ikiwa msimbopau umechapwa kwenye boksi la msingi, harufu zote nne zitasomeka kama moja na duka litakurudishia mzigo. Kwa hiyo msimbopau lazima uhamie kwenye lebo. Lakini msimbopau wa kawaida wa namba 13, katika ukubwa wake kamili, una upana wa milimita 37.29 na kimo cha milimita 25.93, ukijumlisha nafasi tupu za pembeni, na haupaswi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya hapo, yaani karibu milimita 30 kwa 21. Lebo uliyoiona ndogo na ya kupendeza ghafla haitoshi. Sasa lazima irefushwe, izunguke ukingo, harufu isomeke mbele na msimbopau ukae chini ya kipande. Tena mistari yake isichapwe nyekundu, kwa kuwa skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo nyekundu huonekana sawa na nyeupe. Mtu aliyeanza na boksi huyajua haya kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Kuhusu rangi, kubali tangu sasa kwamba hutaipata karatasini ile uliyoiona kwenye simu. Kioo hutoa mwanga. Karatasi huurudisha tu. Uchapaji wa kawaida huchanganya siani, majenta, njano na nyeusi, na rangi nyingi kali za kioo haziwezi kupatikana kwa mchanganyiko huo. Kama rangi moja ndiyo uhai wa chapa yako, ichapwe kwa wino uliochanganywa tayari kwa namba. Mfumo wa Pantone, ulioanza mwaka 1963, uliwekwa kwa sababu hiyo hiyo: mbunifu na mchapaji walio mbali wataje rangi moja. Ila namba ile ile hutoka iliyofifia kwenye karatasi isiyopakwa chochote kwa sababu wino unazama. Usikubali rangi yoyote mpaka uione kwenye karatasi yenyewe, chini ya taa zinazofanana na za dukani. Na herufi ndogo nyeupe juu ya rangi nzito iliyochanganywa kwa wino nne ziogope. Mashine ikihama kidogo tu, rangi moja inaingia ndani ya herufi na orodha ya viambato haisomeki.

Uliuliza utajuaje kazi yao ni nzuri. Omba boksi jeupe. Kabla ya nembo, kabla ya rangi, studio inapaswa kukupa boksi au mkanda usiochapwa kitu, uliokatwa kwa mkono kwenye karatasi ile ile itakayotumika, sabuni iliyokomaa ikiwa ndani. Lishike. Lifungue na ulifunge mara kadhaa. Tazama mikunjo: karatasi ikipasuka na kuonyesha nyuzi zake kwenye mkunjo, ama ni nzito mno ama imekunjwa kinyume cha mwelekeo wa nyuzi. Tazama ulimi wa gundi kama unaingia bila kulazimishwa. Kukata na kukunja kwa pigo moja la mashine ni jambo tunalodaiwa na Robert Gair, mchapaji wa Brooklyn. Mwaka 1879 chuma cha kukunjia kilikaa vibaya kikakata mifuko ya mbegu ya mteja wake, naye akang'amua kwamba kukata na kukunja vinaweza kufanywa kwa pamoja. Tangu hapo boksi la karatasi limekuwa kitu cha bei nafuu, lakini kisu cha kukatia bado kinatengenezwa kwa vipimo unavyotoa wewe, na kosa la milimita 2 kwenye mchoro wa kukatia hujirudia kwenye kila boksi.

Boksi lenye michoro likija, usiwaulize watu kama wanalipenda. Ndugu na marafiki watasema ndiyo. Liweke kwenye rafu halisi kati ya sabuni nyingine, mwite mtu asiyekujua, simama naye hatua chache nyuma, umwache atazame kwa muda mfupi, kisha mgeuze. Kinauzwa nini? Jina lake nani? Harufu gani ulizoziona? Akikosa jina, herufi ni ndogo au rangi yake inazama kwenye rangi ya nyuma. Akisema chai au mshumaa, mchoro unasema jambo lingine. Majibu ya watu watano wa namna hiyo nayaamini kuliko kikao chochote cha kupiga kura ipi nzuri.

Studio ya watu watatu ina faida ambayo kampuni kubwa za usanifu haziwezi kukupa kwa urahisi: aliyekuuliza maswali ndiye anayechora, na ndiye atakayesimama kando ya mashine siku ya kuchapa. Udhaifu wake ni ule ule uchache wa watu. Mmoja akiugua, kazi inasimama. Kwa hiyo maandishi ya makubaliano yawe kamili. Yaseme marekebisho yatakuwa mangapi kabla ya malipo ya ziada. Yaseme nani atasaini nakala ya majaribio ya mchapaji, na ukisaini wewe, soma kila neno, kila namba ya uzito, kwa sauti, maana baada ya saini kosa ni lako. Yaseme pia nani ana haki ya kumiliki michoro. Katika nchi nyingi hakimiliki hubaki kwa mchoraji mpaka ahamishe kwa maandishi, hata kama umemlipa chote. Dai mafaili yanayoweza kuhaririwa, mchoro wa kukatia, namba za rangi, jina la karatasi na uzito wake kwa mita ya mraba, na leseni za fonti. Ukiwa na hayo, mchapaji mwingine anaweza kukuchapia hata studio ikifungwa.

Kama pesa haitoshi, punguza ukubwa wa kazi lakini usiruke hatua zake. Anza na harufu mbili zinazouzika zaidi, kwa mkanda, wino mmoja. Harufu nyingine mbili ziingie kwenye mfumo ule ule mauzo yakikubali. Hilo ni bora kuliko kuruka jaribio la wino au boksi jeupe ili kupata nembo ya kuweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wiki hii.

Nenda kwao ukaombe vitu vitatu: ratiba iliyoandikwa yenye tarehe ya boksi jeupe, matokeo ya kwanza ya jaribio la wino kama wameshalianza, na picha za rafu ya duka lile walizopiga. Wakikuonyesha hivyo, hawakucheleweshi. Wakiwa hawana hata kimoja na bado wanauliza maswali, wape muda mfupi unaojulikana, ukipita tafuta studio nyingine inayoanza na sabuni mkononi. Wakati huo huo anza kuomba namba za msimbopau na kuchunguza jina, kwa sababu hayo ni ya kwako kufanya, na studio haitaweza kufunga mafaili ya uchapaji bila hayo.